Sikio la Kushoto la Neema

Majengo, Goma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Nakusalimu, na pamoja nawe nalisalimu goti lako la kulia, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama utaenda shambani au utabaki nyumbani. Linaendeleaje? Baridi ya asubuhi ya Butembo bado inaliuma? Na Muzee, baba yetu, kikohozi chake kimetulia, au bado anamwambia kila mtu kwamba ni vumbi tu? Maharage je, yamekubali mwaka huu? Mimi nikipika maharage ya hapa nakukumbuka, kwa sababu hayaivi upesi, yanamaliza makaa kana kwamba yametumwa.

Sisi tuko, Mungu anatushika. Mume wangu, Papa Neema, bado anabeba mizigo pale bandarini Kituku. Tangu waasi wafunge barabara ya Rutshuru, chakula kingi tunachokula kinakuja kwa ziwa, muhogo, ndizi, maharage, na kila mtumbwi unaofika unataka mabega ya watu. Anarudi jioni mabega yamevimba, anakula, na usingizi unamchukua akiwa bado anatafuta neno la kuniambia. Mimi nashona kama kawaida, sare za shule kwa wingi, kwa sababu hata vita haviwazuii watoto kukua na kupasua nguo. Neema ana maneno kuliko meno. Anasalimu kila mtu anayepita mlangoni, hata mbuzi wa jirani, na mbuzi asipoitika anakasirika, anageuza uso, hataki kubembelezwa. Hapo watu wanauliza tabia hiyo kaitoa wapi, na mimi naangalia upande wa Butembo.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini na kalamu. Mama Furaha, yule mfanyabiashara wa vitenge wa hapo kwenu, alipokuja Goma safari ile alilala kwetu. Alikula, tukacheka, akambeba Neema mgongoni hadi dukani. Aliporudi Butembo alikuletea habari moja tu katika zote alizoziona: kwamba mjukuu wako hana herini, masikio matupu kama ya mvulana. Nawe ukanitumia sauti kwenye simu. Mama, sauti ile niliisikiliza hadi simu ikazima. Hukufoka. Afadhali ungefoka, nimezoea. Ulisema polepole, kama mtu anayeongea na mgeni: "Kavira, kama hautaki mukono yangu juu ya mutoto wako, uniambie tu. Mimi si mutu wa kulazimisha."

Nilikupigia. Unakumbuka ilivyokwenda. Nilisema, "Mama, sikiliza kwanza," ukasema umesikia, ukakata. Nikapiga tena, akaitika Muzee, akaniambia umeenda kuangalia kuku. Tangu lini kuku wako wanakuhitaji saa ya rozari? Ndiyo maana nimeacha simu, nimeshika karatasi. Karatasi haina mahali pa kubonyeza ili ninyamaze.

Nimemwomba Muhindo akusomee, kwa sababu maneno mengine ya humu yanamhusu na yeye kama baba. Muhindo ndugu yangu, soma yote, usiruke mahali unapoona panauma. Nimesikia binti yako mchanga atabatizwa, na kwamba baada ya ubatizo Mama atamtoboa masikio. Ndiyo haraka ya barua hii. Nimempa Mama Furaha huyohuyo, ambaye amerudi tena Goma na vitenge vyake. Aliyepeleka maneno, na abebe majibu. Anazunguka kwa njia ya Uganda, lakini ameapa atafika kabla mtoto hajamwagiwa maji.

Mama, kumbuka siku ile ulipomtoboa Neema. Ulikuja Goma akiwa mtoto wa miezi mitatu, barabara ingali wazi na mabasi yanatembea. Ulikaa mlangoni penye mwanga, ukapitisha sindano juu ya moto, ukaweka kipande cha kiazi nyuma ya sikio, ukamwambia Papa Neema atoke nje, kwa sababu baba akilia na mtoto atalia. Alitoka, akalia nje. Sindano ilipita mara moja tu kila upande, na Neema alilia kidogo kuliko baba yake. Ukafunga uzi mweusi uliopakwa mawese, ukaniachia maagizo, nami nikayashika kama katekisimu. Uzi uzungushwe kila asubuhi usije ukashikana na nyama. Ukoko utolewe, kwa sababu ni uchafu. Majivu ya jikoni yachanganywe na mawese, yapakwe yakaushe kidonda. Na sikio likivimba, uzi ukatwe upesi. Ndivyo ulivyotufanyia sisi wasichana wako wote, na ndivyo mama yako alivyokufanyia wewe. Sikuwa na sababu ya kuuliza swali.

Kisha mlima ukalipuka. Habari zake nilikwisha kukueleza, sitazirudia zote: mbingu ilivyokuwa nyekundu, watu walivyojaa barabarani, na mitetemeko iliyofuata, hadi ukuta wetu wa nyuma ukapasuka na Papa Neema akauziba kwa matambara ya cherehani yangu. Tulipoambiwa tuuhame mji tulikwenda Sake kwa miguu. Yeye alibeba godoro. Mimi nilikuwa na Neema mgongoni na kichwa cha cherehani ndani ya beseni juu ya kichwa changu. Watu walinicheka njiani, wakaniuliza kama nitaenda kuushonea mlima suruali. Niliwaacha wacheke. Wewe una shamba, mimi nina cherehani.

Huko tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nyingi. Mkeka wa karibu na wetu ulikuwa wa Mama Chantal, mjane, mkulima wa upande wa Rutshuru, ambaye alikuwa amekuja mjini kumtembelea mwanawe na mlima ukamkuta hapo. Na wanawe huongea Kinyarwanda, na sisi huongea naye Kiswahili, na Mungu nadhani humwomba kwa zote mbili akizichanganya. Huyu mama alinipa unga kabla sijamwomba. Alimshika Neema nikienda kupanga foleni ya maji. Nataka umjue hivyo kwanza, kabla sijakueleza jambo la majivu, usije ukamchukia.

Maana jikoni kwangu hakukuwepo tena. Tulipika kwa zamu juu ya makaa ya watu, na mwenye makaa alikuwa anayamwagia maji mapema ili ayatumie kesho yake. Majivu safi yatoke wapi? Nikaanza kuogopa: uzi hauna majivu, Mama atasema nini? Wakati ule majivu ya mlima yalikuwa yakianguka, yametanda juu ya majani ya migomba na juu ya mabati, meusi na laini. Mama Chantal akanyoosha kidole.

"Si haya hapa?" akasema. "Majivu ya jikoni, mutu njo aliyachoma. Haya, Mungu mwenyewe aliyachoma. Mikrobe gani inaweza kupona kule ndani ya mulima?"

Niliona ana akili kabisa. Nilikwenda na kijiko, nikayakusanya kutoka juu ya jani, nikayachanganya na mawese ya kuomba, nikampaka mtoto masikio yote mawili. Nadhani ni sisi watu wa Goma peke yetu tunaoweza kukosea hivyo. Watu wengine mlima ukiwatupia majivu wanakimbia. Sisi tulikimbia, halafu tukayafanya dawa.

Na kila asubuhi nilizungusha uzi, kama ulivyosema. Vidole vyangu vilikuwa vimetoka kumenya viazi au kubadilisha nepi, na maji ya kunawa yalikuwa machache. Ukoko wa manjano uliokauka juu ya uzi niliukwangua kwa ukucha. Damu ilitoka kidogo. Kesho yake ukoko ulirudi, nami nikaukwangua tena, huku nikijisifu moyoni kwamba hata ukimbizini mimi mtoto wangu ni msafi. Sikio la kulia lilivumilia. La kushoto likaanza kuwa na joto, kisha likavimba kama haragwe lililolala ndani ya maji.

Hapo darasa zima likawa madaktari. Mmoja alileta dawa ya meno. Mwingine alileta alkoli. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuja kukamulia maziwa yake palepale juu ya kidonda. Niliwashukuru wote, nikapaka vyote. Alkoli ilipogusa, Neema alilia hadi akakosa pumzi, na watu wakaniambia nisiogope, inauma kwa sababu inafanya kazi. Mwisho Mama Chantal akaniita pembeni.

"Mama Neema, ni huu uzi. Uzi njo sumu. Kata."

Nikasikia kama ni wewe unasema. Nikakata nyuzi zote mbili. Haukupita muda mrefu, tundu la kushoto likafunga juu, ngozi ikawa laini, na sisi tukafurahi, Mama Chantal akaimba wimbo wa kwao. Nilipokupigia simu nikakuambia mtoto anaendelea vizuri, ndivyo nilivyoamini.

Lakini usaha ulikuwa umebaki ndani na njia imefungwa. Neema akakataa kunyonya. Mwili wake ukawaka moto. Asubuhi moja nilipomshusha mgongoni niliona sikio lote jekundu, limesimama mbali na kichwa kana kwamba si lake. Nilimfunga tena nikatoka mbio bila viatu, na Mama Chantal nyuma yangu, viatu vyangu mkononi mwake, ananiita nisimame nivivae. Sikusimama. Mama, niliogopa kufiwa. Wakati ule sikujali sikio, niliogopa kurudi katika lile darasa na kitenge kitupu mgongoni.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta muuguzi, mama mnene mwenye herini tatu katika sikio moja. Alimtazama Neema akaacha kila alichokuwa anafanya. Alilipasua lile jipu. Kilichotoka sitakuandikia, kwa sababu Muhindo atakuwa anasoma na pengine ndiyo kwanza mmekula. Alimchoma sindano ya dawa, akatuambia tubaki palepale, na tulibaki hadi homa ikashuka na Neema akalitafuta titi mwenyewe. Siku hiyo nililia. Papa Neema naye, lakini yeye unamjua.

Ndipo muuguzi akakaa nasi, akaniuliza tulikuwa tunampaka mtoto nini. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye majivu ya mlima aliweka kalamu chini.

"Mulimupakala mulima?"

"Kidogo," nikasema.

Alicheka hadi akajifuta macho kwa koti lake jeupe. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Ile haiko majivu, mama. Ni majiwe yenye kusagika. Ni kama vile umesaga chupa, unamupakala mutoto pa kidonda."

"Na ya jikoni?"

"Ya jikoni pia, hapana. Mawese hapana, dawa ya meno hapana. Kidonda inaomba maji ya kuchemsha na chumvi kidogo, basi. Na alkoli, ni kweli inaua mikrobe. Lakini inaua na nyama mupya. Haichague."

Kuhusu kuuzungusha uzi, aliniuliza kama nimewahi kulima. Nikamwambia nimezaliwa Butembo, angedhani nini? "Sasa ukipanda muhogo," akasema, "unaingoaka kila asubuhi uone kama imeota? Nyama inataka kushikana, weye unaipasula. Inataka tena, unaipasula tena." Na ukoko, Mama, si uchafu. Ni maji ya kidonda yaliyokauka, yanakifunika kidonda kama kifuniko cha sufuria. Haukwanguliwi, hulainishwa kwa yale maji ya chumvi, na siku ukichoka utadondoka wenyewe. Na uzi wenyewe, sikio likishikwa na usaha, haufai kukatwa ovyo, kwa sababu ndio unaoacha njia ya usaha kutokea. Ukiukata, juu panafunga na ubaya unabaki chini. Mtoto apelekwe kwanza kwa muganga wa kituo cha afya, yeye ndiye atakayesema utoke au ubaki.

Mama Chantal alikuwa amekaa pembeni, viatu vyangu bado mapajani mwake. Akasema, "Mimi njo nilimuambia akate."

"Mama yangu pia angemuambia vile vile," muuguzi akamjibu. Akavuta sikio lake lenye herini tatu. "Hii ya chini, yeye njo alinitoboaka. Na mwiba. Alinipakala majivu mupaka nikafanana jiko."

Hapo nikapata nguvu ya kuuliza lile ambalo wewe umekwisha kulijua kabla sijaliandika. Nikamuuliza, "Kwa hiyo si mkono wa mama yangu?"

Kwetu sikio likiharibika hatusemi ni majivu wala ukucha. Tunasema mkono wa aliyetoboa umepoa, na mwenye mkono uliopoa huweka sindano chini, hamgusi tena mtoto wa mtu. Nilikuwa bado msichana nilipoona yule jirani yetu, aliyekuwa akitoboa kabla yako, anaiweka yake kwa ajili ya sikio la mtoto mmoja tu. Nilikuona ulivyomsikitikia. Niliona wanawake walivyopita mlango wake na watoto wao wakiangalia upande wa pili wa njia. Ndiyo sababu, baada ya haya yote, nilikuambia kwenye simu kwamba Neema alikuwa na homa na imepona. Ningekuanzia habari hii kwa simu, ungesikia nusu, ungekata, ungeweka sindano chini siku ileile, na nusu ya pili isingekufikia kamwe. Sikuombi radhi. Wewe ungefanya hivyohivyo kwa ajili ya mama yako.

Basi nusu ya pili ndiyo hii. Muuguzi alimgeuza Neema, akaliweka sikio lake la kulia kwenye mwanga wa dirisha. Tundu lilikuwa bado linaonekana.

"Angalia," akasema. "Iko katikati. Imenyooka, haikuinama. Huyu mama anajua kutoboa kunipita mimi. Mukono yake haina kosa. Kosa ilikuja nyuma."

Nikamwambia lakini umetoboa watoto wengi, umewapaka majivu, na wakapona. Akasema walipona kwa sababu mwili wa mtoto una nguvu, walipona ijapokuwa kuna majivu, si kwa sababu ya majivu.

Muhindo, hapa soma polepole, na kama Mama amesimama mwambie aketi.

Mama, sikio la kushoto la Neema halitavaa herini. Lipo, linasikia, ukimwita kwa sauti ya chini anageuka. Ila ncha yake imejikunja kidogo, na pale tundu lilipokuwa pameota kovu gumu, nene kama punje ya hindi. Muuguzi amesema likichomwa tena kovu linaweza kukua kuliko lilivyo, kwa hiyo liachwe. Neema mwenyewe hajui kama ni kasoro. Akishikwa na usingizi hulishika hilohilo, analisugua kwa vidole hadi alale. La kulia lilifunga lenyewe kwa kuwa niliukata uzi mapema, lakini ngozi yake ni nzima.

Nilihuzunika, sitakuficha. Zile herini ndogo ulizomletea nilizitia kwenye kopo la vifungo, na kila nilipotafuta kifungo ziliniangalia. Huzuni imepungua. Mtoto ninaye.

Sasa twende kwa huyu mdogo wa Muhindo. Najua utasema Kavira amekwenda Goma kujifunza kunifundisha. Ndiyo, Mama, nilikwenda kwa miguu hadi Sake kulijifunza somo hili, acha nami nijivune. Mngoje kwanza amalize chanjo zake za mwanzo. Ubatizo ni wa roho, masikio hayana haraka ya kwenda mbinguni. Siku ya kumtoboa, nawa mikono kwa sabuni hata kama uliinawa alfajiri, na usitumie ile sindano yako ya siku zote, hata uipitishe juu ya moto wa jehanamu, maana moto wa jikoni huacha masizi juu yake. Tumia mpya, ya kwake peke yake, na ukimaliza uitupe chooni. Uzi uwe safi, usiupake kitu. Zile herini za sokoni zinazong'aa usimvalishe, dhahabu yake ni ya jina tu, zinawasha na kuacha rangi ya kijani. Kisha chumvi kidogo, ya kushika kwa vidole viwili, katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni. Ukishamwosha, muache. Hii ndiyo sehemu itakayokushinda, nakujua. Utapita karibu na kitanda, vidole vitakuwasha, utataka kuuzungusha uzi kidogo tu. Muhindo, mkimbize.

Na usiseme amepona baada ya wiki. Nje hupona kwanza, ndani huja nyuma, mwezi na nusu au zaidi. Kukiwa na joto au usaha, msikate kitu, mfungeni mgongoni mwende kwa muganga.

Usidhani hapa mjini wana akili kukushinda. Kuna vijana sokoni wanatoboa kwa kibastola cha kupigia herini, na wasichana wanatoboa sehemu ya juu ya sikio, kwenye gegedu, mahali pagumu panapochukua miezi kupona, halafu wanapaka manukato. Mteja wangu mmoja alikuja kupima gauni la harusi na sikio kama andazi. Gauni halikuwa na shida, ila shela ilikataa kukaa. Nilimchemshia maji ya chumvi, nikamwambia asiitoe herini, nikampeleka kwa yule muuguzi, ambaye siku hizi ameletwa kufanya kazi hapa mjini. Alipotuona aliuliza safari hii tumepaka nini, ziwa?

Mama Chantal anakusalimu. Waasi walipoingia upande wa kwao alikimbia, sasa anaishi kambini Kanyaruchinya chini ya turubai na wajukuu wake. Tunakwenda kumwona tukipata chochote cha kubeba. Mara ya mwisho tulimkuta anagombana na jirani aliyemletea mtoto wake majivu kwenye gazeti. Alisimama mlangoni mwa turubai, mikono kiunoni. "Hapana. Maji na chumvi. Hayo majivu, enda upikie maharage." Ana njaa, Mama, na mvua inampitia kichwani, lakini mjukuu wake ana masikio mazuri.

Ninalokuomba katika maneno yote haya ni moja. Usiweke sindano chini. Nakufahamu, Muhindo akifika mwisho utaingia ndani, utaitafuta kwenye kile kitambaa unachoichomekea, na utasema umezeeka. Hukuzeeka, na mkono wako haukupoa. Wasichana wanazaliwa Butembo kila siku, vita au bila vita, na mama zao watawapeleka kwa mtu. Afadhali iwe kwako, unayepitisha mara moja, kuliko kwa anayebahatisha. Badilisha kinachofuata baada ya sindano, sindano yenyewe iache mkononi.

Msalimie Muzee, mwambie vumbi halimwamshi mtu usiku, aende akapimwe kifua. Msalimie mke wa Muhindo, mzazi wetu mpya. Mama Furaha anambebea kigauni cha mtoto nilichokishona mwenyewe, ni kikubwa kidogo kwa makusudi. Msalimie shangazi anayeuza maharage, na yule katekista aliyenifundisha kuandika, mwambie bado nachanganya herufi kubwa na ndogo. Na yule jirani wa zamani aliyeweka sindano chini, kama bado anatembea, mwite kwenu, mpe chai, Muhindo amsomee barua hii tangu mwanzo. Yeye ameibeba lawama hiyo tangu mimi ni msichana, na pengine lile sikio nalo halikuharibiwa na mkono.

Na sasa lile uliloniambia. Ulisema kama sitaki mkono wako juu ya mtoto wangu, nikuambie tu. Nakuambia, Mama. Sikio la kulia la Neema limepona zamani, linaweza kutobolewa hata kesho. Muuguzi amejitolea kulitoboa. Wifi yangu ameomba. Hata kijana wa kibastola ananiita kila nikipita sokoni. Wote nimewajibu kwamba sikio hili lina mwenyewe, yuko Butembo, barabara imefungwa, na sisi tunamngoja.

Mtoto wako,
Kavira